Prof na Pemba Isiyo na Chumvi

Prof alikuwa analamba vitu. Nalisema mapema ili msomaji asishtuke mbele ya safari. Hakulamba kwa njaa, ingawa miaka ile wenye njaa tulikuwa wengi na walimu walikuwa mstari wa kwanza. Alilamba kama mimi ninavyosugua noti kwa kidole gumba: kuiuliza swali. Alichukua bonge la udongo mweupe, akaligusisha ncha ya ulimi, akangoja. Udongo uking'ang'ania ulimi, aliufunga ndani ya leso. Ukianguka, aliurudisha juu ya meza ya mwenyewe pamoja na mate yake, akasema "merci, mama", akahamia meza ya pili. Ndiyo maana wauza udongo wa soko letu, hapa Lubumbashi, walimjua kabla yangu, na hawakumjua kwa sifa nzuri.

Udongo wenyewe tunauita pemba. Wanawake wenye mimba wanautafuna, na wengine wanaendelea kuutafuna mtoto akiwa tayari anatembea. Unauzwa kwa mabonge. Mwingine umekaushwa juu ya moshi, mwingine umetiwa chumvi kidogo ili ukolee. Mwanaume akionekana ananunua pemba, soko zima linajua nyumbani kwake kuna nini. Prof alinunua kila juma, miaka na miaka. Mke wake, Madame, alikuwa muuguzi, na mabinti zake walikuwa tayari wanamzidi urefu. Wanawake walimpongeza Madame njiani, wakamtazama tumbo, wakarudi kumtazama tena baada ya miezi.

"Na bado tu, Madame?"

"Hii iko mimba ya tembo," aliwajibu bila kucheka. "Mungoje."

Mimi nilimfahamu Prof kwa njia ya chuma. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, nikakua nasikia chuma kikigongana, na kampuni kubwa ya shaba ilipoanza kuyumba na bomba lake la moshi likawa linapumzika siku nyingi kuliko linavyofanya kazi, mji mzima uligeuka duka la vyuma vikuukuu. Aliyekuwa na mlango aliuza bawaba. Mimi nilinunua na kuuza. Nilileta samaki kutoka Kasenga, kwenye mto Luapula, nikauza mabeseni, nikanunua chuma, nikahesabu kila kitu mara mbili, kwa sababu fedha ya asubuhi ile haikuwa fedha ya jioni. Mtu mmoja akaniambia kwamba katika institut fulani ya ufundi, baada ya pillage, ule uporaji wa mji mzima, imebaki mashini nzito kama ng'ombe watatu. Waporaji walibeba viti, vioo, hata bomba la sinki. Mashini waliiacha. Iliokolewa na uzito wake.

Nikaenda. Nilimkuta mwanaume mwembamba amevaa koti jeupe lisilo na kifungo hata kimoja, miwani imefungwa kwa waya wa shaba, na wa shaba kweli, si wa kupaka. Nyuma yake palisimama rola mbili za chuma, zimelala kifua kwa kifua, kama mashini ya kukamua miwa ila kubwa zaidi. Niliipima kwa macho, nikaipima tena.

"Yambo, Prof. Hii kintu unaiuza?"

"Haiuzwi, mama. Iko inafanya kazi."

Siku ile umeme ulikuwa haupo katika mtaa wote. Rola zilikuwa baridi, na buibui alikuwa amefunga uzi kutoka rola moja hadi nyingine. Nilimwonyesha yule buibui. Prof alimwangalia kwa makini.

"Naye anafanya kazi," alisema.

Niliporudi juma lililofuata nilikuta jibu ni lile lile. La tatu pia. Mimi si mtu wa kukubali hapana ya kwanza, lakini huyu alikuwa na hapana isiyochakaa. Mwishowe nilianza kwenda kwa sababu nyingine: nilitaka kujua ni kazi gani hiyo.

Alinieleza kwa maswali, kama alivyowaeleza wanafunzi wake, wale wachache waliokuwa bado wanakuja.

"Mama, umeisha kufanya matofali ya udongo?"

"Nani hajafanya? Nyumba yangu yote ni hayo."

"Mulitia nini ndani?"

"Majani makavu."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Tofali isipasuke, eh Prof! Hata mutoto anajua."

"Bon. Miye nageuza. Plastiki njo inakuwa tofali. Udongo njo inakuwa majani."

Ukutani alikuwa na picha moja, ya rangi ya majivu, aliyopigiwa na rafiki yake wa masomo huko Ulaya kwa mashini ya kukuza vitu. Waporaji waliiacha pia. Nani anunue picha ya majani? Maana ndivyo ilivyoonekana: vijiti vilivyomwagika ovyo, kila kimoja kina tundu katikati kama mrija wa soda. Aliniambia kwamba hiyo ndiyo pemba. Si pemba yote. Nyingi ukiikuza unaona vipande bapa, kama kurasa za kitabu kilicholowa. Lakini pemba ya mama mmoja, mzee aliyekaa upande wa wauza dagaa, ilikuwa mirija mitupu. Midogo kiasi kwamba unywele wangu mmoja, ukilazwa kando yake, ungekuwa kama nguzo ya umeme kando ya jani. Mirija hiyo, ikitawanywa vizuri ndani ya plastiki iliyoyeyuka, inaishika kutoka ndani. Ufa unapotaka kupita, unakuta mrija umelala njiani. Unazunguka, unakuta mwingine.

"Halafu unachoka," alisema Prof. "Ufa nao unachoka."

Nilimwamini nusu. Nusu nyingine niliiweka akiba.

Kuhusu bei, Prof alikuwa balaa. Hakujua kabisa kupatana. Ukimtajia bei ya kwanza, ile ambayo kila mtu mwenye akili anajua ni mzaha, alilipa. Unabaki na fedha mkononi na aibu usoni, na zaidi ya aibu, maumivu ya kutotaja zaidi. Nilimwambia siku moja kwamba anatuharibia soko. Akajibu kwamba akisimama kupatana anasahau alichokuja kuuliza. Lakini mtu huyo huyo alisimama mbele ya meza yangu ya mabeseni, akayapiga moja moja kwa ukucha, akiinamisha sikio, mpaka wateja wakadhani anaita roho.

"Prof, nunua ao upite."

"Hili litakufa mwezi huu," alisema akinionyesha beseni jekundu. "Hili, labda Noeli."

Alisema kweli, ndiyo iliyoniudhi. Sikumshukuru. Niliyauza yote mawili siku ile ile.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alifundisha uimara wa vitu, na nyumbani kwake paa lilivuja juu ya kitanda. Madame alisogeza kitanda, si paa. Kandambili zake zilishikwa na msumari. Sifa yake kubwa kuliko zote ilikuwa "haijapasuka bado". Aliisema juu ya plastiki, juu ya ndoa yake, juu ya nchi. Ukimwuliza kama kitu ni kizuri, alikuangalia kana kwamba umemtukana. Kizuri? Nani ajue? Hakijapasuka bado.

Nami, nilipoanza kumkusanyia plastiki, nilimpa shida, nakiri kwa furaha. Pemba ilikuwa rahisi kuliko plastiki, hata ile ya kreti za bia zilizovunjika na bidoni kuukuu za mafuta tulizokusanya. Nikapiga hesabu.

"Prof, tutie nusu kwa nusu. Tunapata faida."

"Kijiko, mama. Si koleo."

"Kama kidogo inasaidia, mingi itasaidia zaidi."

"Wapi! Umeisha kuona bandugu ku kilio? Bakifika bachache, banakaa na mufiwa, banamushika. Bakifika bengi, kila kundi linakaa fasi yake, linakula, linaongea mambo yake. Mufiwa anabaki peke yake. Udongo ni vile. Ukiwa mwingi unashikana wenyewe kwa wenyewe, unasahau plastiki."

Nimewahi kukaa katika makundi hayo, na chakula kilikuwa kizuri.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Wakubwa wa institut, ambao hawakuwa wamelipwa kwa muda mrefu na hawakuwa na cha kuwalipa wengine, walikubaliana kuuza vyuma vyote vilivyobaki. Mashini ya Prof ilikuwa ya kwanza. Alipoambiwa hakupiga kelele. Alikuja mezani kwangu, akapiga beseni moja kwa ukucha, akalipiga tena lile lile, nikajua kuna msiba.

"Mama, njia ya Kasenga inavunja mabeseni mangapi?"

"Yote," nilisema. "Swali ni kilomita gani."

Ilikuwa kweli. Sisi wauza samaki tulipanga samaki na barafu ndani ya mabeseni, yakarushwa juu ya lori siku nzima katika mashimo. Beseni likipasuka, maji ya barafu yanakwenda, na samaki anafika mjini akiwa na maoni yake mwenyewe. Basi tulipatana, yaani nilipatana mimi, na wakubwa wa institut: Prof atengeneze mabeseni, niyapeleke Kasenga na kuyarudisha. Yakirudi mazima, wanawake wa samaki watanunua kila litakalotoka, institut itapata sehemu yake, na mashini itabaki mahali pake. Yakipasuka, lori la wanunuzi wa chuma litakuja. Walikubali kwa sababu lori lenyewe lilikuwa bado linatafuta tairi.

Prof alihitaji gunia zima la pemba mara moja. Alimwendea yule mama mzee. Walikuwa wamefahamiana miaka. Yeye tu ndiye aliyemruhusu alambe bila kugombana. Mahali alipochimba hakuwahi kumwambia mtu. "Ku shamba," alisema, na mkono wake ukaonyesha upande wowote. Alimletea gunia limeshonwa vizuri. Na Prof, aliyelamba kila bonge lililopita mbele yake, siku ile alikuwa na haraka, na alikuwa amemwamini. Hakulifungua sokoni. Alilibeba hadi institut, akaisaga pemba, akaimimina kwa kijiko juu ya rola za moto, na mimi nikashika mlango watu wasiingie. Plastiki ilizunguka kama bukari, ule ugali wetu, uliokataa kuiva, kijivu, inang'aa. Kila bapa lilipotoka likiwa bado laini, tulilikandamiza ndani ya kalibu ya alumini kwa jeki ya lori. Mabeseni yalitoka mazuri, mazito, na yakigongwa yalitoa sauti ya chini. Nikaondoka nayo.

Yalipasuka. Si yote katika kilomita moja. Yalijigawia njia kwa haki. Nyufa zilianzia kwenye vitundu vidogo vidogo, kama mahali palipotafunwa na mdudu. Nilirudi na vipande ndani ya gunia lile lile la pemba, nikavimwaga juu ya meza ya Prof bila salamu.

Alichukua kimoja. Alikiangalia upande uliovunjika, akakisogeza dirishani, akakirudisha. Kisha akakilamba.

Niliona uso wake ukibadilika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, cheko la ndani, mabega tu.

"Chumvi," alisema. "Mama, hii iko na chumvi."

Tulikwenda wote wawili kwa mama mzee. Alituona tukija, akatabasamu kama mtu anayesubiri kushukuriwa.

"Madame anaendelea namna gani?"

"Mama," Prof alimwuliza polepole, "gunia ile, ulitia chumvi?"

"Eh, nilitia! Mingi. Sikuomba hata makuta, hata senti moja." Alimshika Prof mkono kwa mikono miwili. "Miaka yote hii unanunua ya bule bule, isiyo na ladha. Nikasema, huyu mwanaume hajui. Mwanamuke wa mimba anataka chumvi. Na gunia muzima! Nikasema, safari hii ni mapacha."

Nilimgeukia Prof. Kama angekasirika ningemsaidia; nilikuwa na maneno tayari. Lakini yeye aliinama, akamwambia asante, akamwambia Madame atafurahi. Tulipokuwa tunaondoka akaniambia kwamba punje ya chumvi ndani ya plastiki ni mlango uliofunguliwa ufa. Tena inavuta maji. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesimulia wema aliotendewa.

Sehemu ya pemba ilikuwa bado imebaki. Tuliiosha. Tuliitia ndani ya mabeseni yangu ya kuuza, tukaikoroga kwa maji, tukaiacha itulie, tukamwaga maji ya juu, tukaonja maji, tukarudia mpaka ulimi haukusema kitu. Ilipotulia, mchanga ulikaa chini kabisa, na juu yake pemba ilikuwa laini kama maziwa. Prof aliitazama muda mrefu. Miaka yote alikuwa anaitumia bila kuiosha namna ile. Aliianika juani, akaikausha zaidi juu ya jiko la Madame, aliyekula chakula kilichopoa siku hizo.

Umeme, uliokuwa umekatika tena, ulirudi alfajiri moja, na asubuhi ile ile lori la chuma lilifika. Tairi lilikuwa limepatikana.

Walikuwa wanaume wenye minyororo na karatasi ya wakubwa. Nilitoka getini. Ndani, rola zilikuwa zinazunguka, zina moto wa kuyeyusha kreti za bia.

"Mama, tupishe. Tunakuja kubeba mashini."

"Mubebe. Lakini iko moto. Weka mukono uone."

Mmoja aliingia, akatoka akipuliza vidole. Chuma cha moto hakipakiwi. Kinakata kamba na kuchoma mbao za lori. Wakasema wazime ipoe. Nikasema vizuri, nitamwambia, lakini kwanza, kwa kuwa wako na mizani, mimi nami niko na chuma changu cha kuwauzia. Nikaleta. Tukapima. Nikasema mizani yao ina ulevi, tupime tena. Tukapima tena. Walitaja bei, nikaangua kicheko. Nilitaja yangu, wakaangua wao. Dereva aliniita mama mkwe, akaniita mchawi, akaniita mama mkwe tena. Sijawahi kupatana vizuri namna ile kwa chuma kibaya namna ile. Nyuma yangu niliisikia jeki ikipanda na kushuka.

Jua lilipokuwa juu kabisa, mlio wa rola ulikoma. Prof alitoka na koti lake jeupe limelowa, akawaambia kwamba mashini sasa inaweza kwenda. Jioni, walipoifunga minyororo, ilikuwa bado na vuguvugu. Aliigusa mara moja ubavuni, kama mtu anayempima mtoto homa.

Yalikuwa yametoka mabeseni machache. Hayakutosha kuanzisha biashara, wala kubadilisha uamuzi uliokwisha kupanda lori. Nilimwambia achukue nusu.

"Yote chukua weye," alisema. "Miye nitayaweka wapi? Weye njo uko na njia ya Kasenga."

Baada ya hapo aliondoka na Madame na mabinti, ng'ambo ya Luapula, upande wa Zambia, kufundisha kemia katika shule ya sekondari. Mama mzee wa pemba aliuliza habari za mapacha kwa muda mrefu. Niliwapa majina.

Miaka ilipita. Fedha ilibadilika jina, ikabadilika tena, nami nikahesabu kila moja mara mbili. Migodi ilifunguliwa mipya upande wa Kinsevere, malori yakawa mengi, mashimo ya njia yakabaki yale yale. Nilikuwa Kasenga, ukingoni mwa mto, nikipanga samaki na barafu na wanawake wenzangu, mtumbwi wa injini ulipofika kutoka ng'ambo. Alishuka mzee mwenye kichwa cheupe, kandambili zimeshikwa na msumari. Alikuwa anakuja kununua samaki, na kwa hakika angelipa bei ya kwanza.

Hakuniona. Aliona beseni. Lilikuwa limechubuka, kijivu limegeuka rangi ya jiwe, ukingo umelainishwa na mikono, na ndani yake nilikuwa nimeanza kupanga samaki. Alichuchumaa. Alilipiga kwa ukucha, akainamisha sikio. Wanawake wakaacha kupanga samaki. Kisha akainama zaidi, akalamba ukingo.

"Eh! Mubaba!" alipiga kelele mmoja wao. "Njaa gani hiyo?"

"Mumuache," nilisema. "Anauliza swali."

Aliinua kichwa. Miwani ilikuwa ile ile, waya mpya.

"Mama."

"Prof."

"Limepasuka?"

"Bado."

"Njia hii hii?"

"Hii hii. Kila juma, isipokuwa majuma nilipougua mimi. Lenyewe halijaugua."

Alilishika ukingo kwa mikono miwili, akalikunja kidogo, akaliachia, likarudi. Alilikunja tena. Nikaona yanayopita kichwani mwake kama ninavyoona kichwani mwa mteja: kipande kidogo tu, cha kukata, cha kupelekea mtu mwenye mashini ya kukuza, waone mirija imelalaje baada ya miaka yote. Na beseni lenye kipande kilichokatwa ni takataka.

"Unaliuza?" aliuliza.

Nilimtajia bei. Bei ya mzaha, ya kumfukuza mtu. Nilingoja atoe fedha, kama kawaida yake.

"Hapana, mama, bei iko nguvu," alisema. "Punguza."

Miaka yote niliyomjua, hakuwahi kuniambia neno hilo. Nilipunguza. Akaomba nipunguze tena, na mkono wake ulikuwa tayari mfukoni.

"Haiuzwi, Prof," nilisema. "Iko inafanya kazi."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Kisha akashika ukingo wa upande mmoja, mimi nikashika wa pili, likiwa limejaa samaki na barafu, tukalipandisha juu ya lori.